Saa nane na dakika kumi: Ferguson kabla ya kuwa kocha

Msomaji wetu wa Mwanza ameandika hivi: "Mtaalamu, kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Mmoja anasema Sir Alex Ferguson hakuwahi kucheza mpira wa maana, alisomea ukocha tu. Mwingine anasema alikuwa mshambuliaji wa Rangers ya Uskoti. Nani mkweli? Na kama alicheza, uchezaji wake una uhusiano wowote na yule kocha tuliyemjua Manchester United?"

Ndugu yangu, mwambie wa Rangers kwamba amepatia, na yule mwingine umwombe akae kwanza, maana sehemu ya pili ya swali lako ndiyo yenye utamu. Ferguson alicheza ligi ya Uskoti kwa miaka 16 hivi, akapitia klabu sita, akafunga takriban bao moja katika kila mechi mbili za ligi. Mechi zenyewe za ligi zilikuwa 317. Hakuwa fundi wa mpira wa kukaa midomoni mwa watu kama magwiji wa Uskoti Denis Law au Kenny Dalglish. Alikuwa mshambuliaji mkorofi ndani ya boksi, mwenye viwiko vikali, asiyekata tamaa na mpira uliokwisha kupotea. Mabeki waliocheza naye walirudi nyumbani na alama.

Ila ukitaka kumwelewa kocha, orodha ya mabao haitakusaidia sana. Angalia mambo mawili yaliyompata uwanjani Hampden Park, Glasgow: la mwaka 1965 na la mwaka 1969. Nimefuatilia maisha ya mtu huyu kwa miaka mingi, na kila ninaporudi kwenye siku hizo mbili naona mizizi ya mengi aliyoyafanya baadaye.

Tuanze nyumbani kwao. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1941, akakulia Govan, mtaa wa Glasgow ulioishi kwa kuunda meli kando ya mto Clyde. Baba yake alifanya kazi hukohuko kwenye meli. Uwanja wa Ibrox wa Rangers upo jirani kabisa, na kijana Alex alikua akiishabikia timu hiyo. Alipomaliza shule aliingia kiwanda cha Remington Rand kujifunza ufundi wa kutengeneza zana za mashine, na akawa mwakilishi wa wafanyakazi wenzake kwenye chama. Mpira aliuanza Queen's Park, enzi hizo klabu ya ridhaa, wachezaji wake hawakulipwa hata senti. Mechi yake ya kwanza alicheza akiwa na miaka 16 tu, ugenini kwa Stranraer. Walifungwa 2-1, na bao lao alilifunga yeye.

Mwaka 1960 akahamia St Johnstone ya mji wa Perth. Mchana kiwandani, jioni safari ya mazoezi, Jumamosi mechi, na mara nyingi hata hiyo mechi hapangwi. Kufikia mwishoni mwa 1963 alikuwa kikosi cha akiba, amevunjika pua, na kichwani anawaza kuhamia Kanada akaanze maisha mapya. Ijumaa moja akamwomba msichana wa mdogo wake ampigie simu kocha Bobby Brown, ajifanye ndiye mama mzazi, aseme kijana ana mafua makali. Kocha hakudanganyika. Ikaja telegramu nyumbani kwa kina Ferguson, mama mzazi wa kweli akaisoma, na unaweza kufikiria mwenyewe kilichofuata. Kijana akaambiwa atoke haraka akampigie kocha na kuomba radhi. Alipopiga akakuta hakuna muda wa kuadhibiwa: timu haina mshambuliaji, na kesho yake yeye anaanza dhidi ya Rangers, Ibrox. Akafunga mabao matatu. St Johnstone wakashinda 3-2 kwenye uwanja ambao wageni walizoea kuondoka mikono mitupu. Safari ya Kanada ikafa siku ileile.

Mwaka 1964 Dunfermline wakamchukua, akaacha kiwanda na kuwa mchezaji wa kulipwa wa kudumu. Hapa ndipo tunafika kwenye siku ya kwanza niliyokutajia.

Msimu wa 1964/65 Dunfermline walikuwa moto. Kwenye ligi waliukosa ubingwa kwa pointi moja tu. Kilmarnock na Hearts walimaliza na pointi 50, wao 49. Na kwenye Kombe la Uskoti wakafika fainali dhidi ya Celtic, tarehe 24 Aprili 1965. Mechi ilikuwa ianze saa tisa alasiri. Saa nane na dakika kumi, vyumbani, kocha Willie Cunningham akasoma majina ya watakaocheza. Jina la Ferguson halikuwemo. Hakuitwa pembeni, hakudokezwa. Alilisikia pengo la jina lake mbele ya wenzake wote, akamfokea kocha wake kwa maneno makali palepale. Na kumbuka enzi hizo Uskoti hakukuwa na wachezaji wa kubadilisha. Ukiachwa, umeachwa, unavaa suti yako na kwenda kukaa jukwaani. Celtic walishinda 3-2, na bao la ushindi lilifungwa kwa kichwa, dakika za mwisho, na nahodha wao Billy McNeill.

Shika jina hilo la McNeill. Shika na la Cunningham. Yote mawili yatarudi.

Msimu uliofuata Ferguson alicheza kama mtu anayedai deni: mabao 45 katika mechi 51 za mashindano yote. Kwenye ligi peke yake alifunga 31 na kuwa mfungaji bora akilingana na Joe McBride wa Celtic. Rangers wakashindwa kujizuia. Mwaka 1967 walilipa pauni 65,000, ada ambayo haikuwahi kutolewa kabla ya hapo kati ya klabu mbili za Uskoti. Kijana wa Govan amevaa jezi ya timu ya mtaani kwao. Ungedhani amefika.

Hakuwa na raha. Mkewe, Cathy, alikuwa Mkatoliki, na Rangers ya miaka ile ilikuwa klabu ya Waprotestanti kiasi ambacho jambo hilo liliweza kuwa suala ofisini. Ferguson mwenyewe ameeleza kwamba aliulizwa na kiongozi wa klabu kuhusu dini ya mkewe siku alipokwenda kusaini, na kwamba anajutia kutomjibu anavyostahili. Mimi naamini lile jambo lilimkaa moyoni kuliko anavyokiri.

Kisha ikaja fainali ya Kombe la Uskoti, tarehe 26 Aprili 1969, Hampden tena, Celtic tena, mbele ya watu zaidi ya 130,000. Safari hii alipangwa. Kazi yake moja wakati wa mipira ya kona ilikuwa kumkaba Billy McNeill. Dakika ya pili, kona. McNeill akaruka peke yake, kichwa, bao. Mechi ikaisha 4-0, na lawama zikapata mwenyewe. Baada ya hapo aliondolewa kikosi cha kwanza akawa anacheza na vijana. Ndugu yake amesimulia kwamba medali ya mshindi wa pili aliitupa. Nottingham Forest ya Uingereza ilimtaka, ila Cathy hakuwa tayari kuhama Uskoti, basi akaenda Falkirk.

Na nani alikuwa kocha wa Falkirk? Willie Cunningham, yuleyule wa saa nane na dakika kumi.

Hapa ndipo hadithi ya Ferguson inanipendeza. Mtu uliyemfokea vyumbani miaka minne iliyopita ndiye anakusajili, na baadaye ndiye anakukabidhi mazoezi ya kikosi cha kwanza, unakuwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Maana Ferguson alikuwa amekwisha kusomea ukocha katika kozi za chama cha soka cha Uskoti zilizofanyika mji wa Largs, angali mchezaji. Kwa hiyo yule mwenzenu anayesema "alisomea ukocha" naye ana kipande cha ukweli, usimwache mikono mitupu. Cunningham alipoondoka, kocha mpya John Prentice akamvua kazi ya kufundisha. Ferguson akaomba kuondoka, akamalizia soka lake Ayr United msimu wa 1973/74.

Kazi yake ya kwanza ya ukocha ilianza Juni 1974, East Stirlingshire, mshahara pauni 40 kwa wiki, kazi ya muda. Alipofika, timu haikuwa na golikipa hata mmoja. Mshambuliaji wake mmoja, Bobby McCulley, amesema hakuwahi kumwogopa mtu maishani mwake kabla ya kukutana na huyo kocha wa miaka 32. Miezi michache tu, St Mirren wakamwita. Na aliyekuwa anaondoka St Mirren ni nani? Cunningham, kwa mara ya tatu.

Ferguson alisita, akaenda kumwomba ushauri Jock Stein, kocha wa Celtic, yule aliyemshinda kwenye fainali zote mbili. Stein hakumpa hotuba. Alimwambia aende akakae kwenye jukwaa la uwanja wa St Mirren, atazame huku na huku, kisha arudi akafanye vivyo hivyo kwenye uwanja wa East Stirlingshire. Akaenda, akatazama, akahama.

St Mirren ya mji wa Paisley ilikuwa daraja la chini, mashabiki kama elfu moja na kitu. Aliwajaza vijana wadogo kikosini, kina Tony Fitzpatrick, Billy Stark na Frank McGarvey, na mwaka 1977 wakachukua ubingwa wa Daraja la Kwanza wakapanda. Huku akiendesha baa yake Govan, maana mshahara wa mpira haukutosha. Mei 1978 akagombana na uongozi wa klabu, akafungashiwa virago. Alipeleka kesi kwenye baraza la kazi, akashindwa. Ndiyo klabu pekee iliyowahi kumfukuza.

Wiki hizohizo Aberdeen ilikuwa inatafuta kocha, kwa sababu kocha wao alikuwa ameitwa kwenda kuifundisha Celtic. Kocha huyo alikuwa Billy McNeill. Fikiria: mtu aliyefunga kwa kichwa ukiwa jukwaani, akafunga tena ukiwa ndiye unayemkaba, sasa anakuachia kiti chake. Na alikiacha kikiwa cha moto, timu imemaliza ya pili kwenye ligi na imefika fainali ya kombe.

Aberdeen ndiyo kazi kubwa kuliko zote za Ferguson. Najua mashabiki wa United wa Mwanza hadi Mombasa watanipinga, lakini nasimama hapo. Ligi ya Uskoti ilikuwa ya Celtic na Rangers, watani wa jadi wa Glasgow. Mara ya mwisho kwa klabu nyingine kuwa bingwa ilikuwa Kilmarnock, na Kilmarnock walitwaa ubingwa huo tarehe 24 Aprili 1965, siku ileile Ferguson anavaa suti Hampden. Miaka 15 baadaye, mwaka 1980, Aberdeen wakauvunja ukuta huo. Wakarudia 1984 na 1985. Vikombe vya Uskoti wakachukua 1982, 1983, 1984 na 1986. Na baada ya ule ubingwa wa 1985, kwa zaidi ya miaka 35 hakuna klabu nje ya zile mbili iliyotia mkono.

Usiku wa kukumbukwa ni tarehe 11 Mei 1983, Gothenburg nchini Uswidi, mvua inanyesha, fainali ya Kombe la Washindi Ulaya dhidi ya Real Madrid. Kocha wa Madrid alikuwa Alfredo Di Stéfano, mmoja wa wachezaji bora wa dunia. Jock Stein alisafiri na Aberdeen, akamshauri Ferguson amnunulie Di Stéfano chupa ya wiski nzuri, ampe kabla ya mechi, ajione mkubwa, aamini kwamba hawa Waskoti wamefurahi tu kufika. Eric Black akafunga la kwanza, Juanito akasawazisha kwa penalti, na kwenye muda wa nyongeza John Hewitt akapiga kichwa cha ushindi. 2-1. Wachezaji wote wa timu ile walikuwa Waskoti.

Siku kumi baadaye walichukua Kombe la Uskoti kwa kuifunga Rangers 1-0, na Ferguson akasimama mbele ya kamera akawaponda wachezaji wake hadharani, eti wamecheza aibu, waliojitahidi ni Willie Miller na Alex McLeish tu. Baadaye aliwaomba radhi. Sioni haja ya kulificha hilo. Alikuwa mtu wa hasira, na hasira yake ilipoiona jezi ya Rangers ilipanda mara mbili.

Septemba 1985 Stein, ambaye sasa alikuwa kocha wa Uskoti na Ferguson msaidizi wake, alianguka pembeni ya uwanja huko Cardiff mwisho wa mechi na Wales, akafariki usiku huo. Ferguson akaipeleka timu Kombe la Dunia la 1986 Mexico, wakatoka hatua ya makundi. Alan Hansen wa Liverpool hakumchukua, na maneno yalikuwa mengi.

Tarehe 6 Novemba 1986 akaingia Manchester United, na habari za huko unazijua: vikombe 38, ubingwa wa ligi mara 13, Ligi ya Mabingwa 1999 na 2008, hadi alipostaafu Mei 2013. Sitakurudishia yale mnayoyasimulia kijiweni kila siku. Nitakupeleka kwenye mechi moja tu, maana ndiyo inayojibu swali lako.

Mei 1990. Ferguson ana miaka mitatu na nusu United, hana kombe hata moja, mashabiki wanamtaka aondoke. Wanafika fainali ya Kombe la FA na Crystal Palace, sare ya 3-3. Golini alikuwa Jim Leighton, kipa wake wa Gothenburg, mtu aliyekuwa naye tangu Aberdeen, na siku ile alicheza vibaya. Mechi ya kurudiwa ilikuwa siku tano baadaye. Ferguson akamtoa Leighton na kumweka Les Sealey, kipa wa mkopo kutoka Luton. United wakashinda 1-0, kombe la kwanza. Sealey alimpelekea Leighton medali aliyoipata kwa kuona ni haki ya mwenzake, Leighton akairudisha. Uhusiano wake na Ferguson ulikufa hapo.

Sasa tafakari. Kati ya makocha wote wa Uingereza siku ile, nani alijua zaidi maumivu ya kuachwa kwenye fainali? Na bado alimwacha Leighton. Alimwacha Park Ji-sung kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa huko Moscow mwaka 2008, hata benchi hakumpa, baada ya Park kucheza mechi zote mbili za nusu fainali na Barcelona. Baadaye amekiri kwamba uamuzi ule ulimuuma. Mwaka 2011 akamwacha Dimitar Berbatov nje ya kikosi cha fainali ya michuano hiyohiyo, Wembley, mwaka ambao Berbatov alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa kulingana na mchezaji mwingine, kama Ferguson mwenyewe mwaka 1966.

Ile siku ya 1965 haikumfanya awe mpole. Ilimfundisha jinsi ya kufanya. Ameeleza mwenyewe mara nyingi kwamba mchezaji anayemwacha humwita faragha na kumwambia yeye binafsi, hatumi msaidizi, hangoji orodha isomwe, na sababu aliyoitoa ni hiyohiyo: aliwahi kuachwa kwenye fainali saa nane na dakika kumi, anajua inavyouma. Mimi nimekaa benchi la timu za vijana kwa miaka, na nakuambia hakuna kazi ngumu pale kama kumwita kijana pembeni asubuhi ya mechi kubwa. Macho yake yanakutazama, wewe unatafuta pa kuyaweka yako. Makocha wengi hubandika karatasi ukutani na kutoweka. Nilipoacha kubandika karatasi, nilikuwa nimesoma habari za Ferguson.

Na ya 1969? Tazama alivyoishi na wachezaji wake waliokosea mbele ya dunia. David Beckham alipotolewa kwa kadi nyekundu katika mechi na Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1998, Uingereza nzima ikamgeukia. Ferguson alimpigia simu akamwambia arudi nyumbani Manchester, atalindwa. Vyumbani aliweza kukufokea hadi nywele zikusimame, lakini mbele ya watu alibeba lawama yeye, na walipomfuata waandishi aliwakabili yeye. Naona hapo yule kijana wa Rangers aliyetupiwa bao la McNeill akaachwa ale lawama peke yake.

Kuna jambo moja la mwisho la kumpelekea yule anayesema Ferguson hakucheza mpira wa maana. Katikati ya mwaka 1967 alisafiri na kikosi cha Uskoti kwenye ziara ndefu iliyofika hadi Australia, akacheza na kufunga. Kwa miaka mingi mechi zile hazikuhesabiwa kuwa za timu ya taifa, kwa hiyo kwenye vitabu Ferguson alisomeka kama mtu asiyewahi kuichezea nchi yake. Mwaka 2021 chama cha soka cha Uskoti kikazitambua rasmi. Alipokabidhiwa kofia ambayo wachezaji wa taifa hupewa huko kwao, alikuwa na miaka 79.